Vasha kwa Baiskeli: Futeni Ule Mpango Niliowatumia

Kama wewe ni mmoja wa wale walioniandikia inboksi Agosti mwaka jana wakiomba mpango wa safari ya baiskeli Naivasha, na mimi nikakutumia ile PDF yenye picha ya twiga, tafadhali ifute. Sasa hivi. Halafu rudi hapa tuongee.

Niliwatumia watu kama ishirini hivi. Wengine mlinishukuru, wengine mlisema mnangoja likizo ya Desemba, na Desemba ndiyo hii imefika. Sijalala vizuri wiki hii. Nimekaa na hii stori karibu mwaka mzima na nusu nikijiambia si ya kuwekwa mtandaoni, ni ya familia. Kumbe kuna watu wanaweza kuwa wanapakia mabegi wakifuata karatasi yangu.

Nianze mwanzo. Grupu ya WhatsApp iliitwa "Vasha Lazima". Tulikuwa kumi na mmoja. Siku ya kusafiri tulikuwa wanne, na mmoja wa hao wanne ni mdogo wangu, ambaye hata hakuwa kwenye grupu. Mnajua vile hizi safari huenda. Mtu anatupa wazo Jumanne usiku, kila mtu anajibu kwa moto, ikifika saa ya kutuma doo simu zote zinazima. Sina kinyongo na hao wengine. Waliobaki tulikuwa mimi, jamaa tunayemwita Wakili kwa sababu anasomea sheria na hanyamazi, Kasuku ambaye hunyamaza siku nzima ndiyo maana akapewa hilo jina, na bro wangu, wakati huo Form Three, akiwa nyumbani kwa likizo.

Mbona Vasha? Kwa sababu ukimwambia mtu wa rika letu "naenda Vasha" anachosikia ni Safari Rally. Tangu mashindano yarudi kwenye kalenda ya dunia 2021, Naivasha imekuwa mahali pa kulewa karibu na vumbi. Magari yenyewe wengi hata hawayaoni. Mimi nilienda mara moja, nikalala ndani ya Probox ya watu nisiowajua, nikarudi Nairobi sauti imeisha na kiatu ni kimoja. Ziwa sikuliona. Fikiria hiyo. Nimekaa siku tatu kando ya ziwa la maji baridi lililo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, limejaa viboko na ndege, na sikuliona. Na upande wa kusini kuna Hell's Gate, mbuga iliyofunguliwa 1984, ambapo unaruhusiwa kuingia na baiskeli yako bila gari na bila askari wa kukufuata. Kenya hii mbuga za namna hiyo unazihesabu kwa vidole.

Nilikuwa na baiskeli ya mtumba, ya milimani, rangi ya kijani iliyopauka, niliyoinunua na pesa ya kazi ya kwanza ya tangazo niliyowahi kulipwa. Ilikuwa miezi sita tangu niache kampasi. Nilikuwa nasoma takwimu, mwaka wa pili. Sitawapa ile hadithi ya "shule haikunitosha". Karo ilichelewa, nikakosa mitihani miwili, nikaona aibu kurudi, aibu ikageuka kuwa muhula mzima. Basi. Nyumbani hiyo mada ilikuwa kama waya wa stima uliochunika, kila mtu anajua uko wapi na anaupitia mbali. Kwa hivyo hii safari haikuwa safari tu. Nilitaka kuonyesha kwamba ninaweza kupanga kitu, kikaanza, kikaisha.

Na nilipanga, manze. Nilikuwa na jedwali lenye rangi. Programu ya ramani iliniambia kuzunguka ziwa ni kama kilomita 70. Nikaongeza Hell's Gate, tuingilie lango la Elsa, tupite mbuga yote, tutokee lango la Olkaria kwenye mitambo ya mvuke, tushuke tena barabara ya ziwa, tulale upande wa Kongoni, kesho yake tumalizie kaskazini turudi mjini. Kasi nilipataje? Nilichukua kasi yangu, ya Wakili na ya Kasuku tukiwa kwenye lami, nikakisia ya bro, nikajumlisha, nikagawa kwa nne. Kilomita 17 kwa saa. Nikaandika hiyo kila mahali kwenye jedwali.

Mwanafunzi yeyote wa takwimu wa mwaka wa kwanza angenicheka. Wastani wa watu wanne haupandi baiskeli. Kuna mtu wa 22 na kuna mtu wa 10, na barabara haimjui mtu wa 17 kwa sababu hayupo.

Bro ana pumu. Si ile ya kulazwa kila mwezi. Ni ya kutembea na inhela, ya kukohoa Julai baridi ikizidi, ya mathe kuamka usiku kusikiliza mlangoni. Niliijua. Niliiandika hata kwenye jedwali, safu ya mwisho, "inhela: ipo". Na ilikuwepo. Ilikuwa kwenye begi langu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na mkubwa hubeba vitu vya maana.

Siku yenyewe ilianza vibaya kwa njia ndogo ndogo. Matatu ya Nyamakima ilingoja kujaa. Mbili kati ya baiskeli zilikuwa zetu, juu ya karia, mbili tulikuwa tunakodi kule, na moja ya kukodi breki yake ya mbele ilikuwa mapambo tu. Langoni hulipi pesa taslimu, unalipa kwa eCitizen, na mtandao ukaamua kupumzika. Tuliingia saa tano badala ya saa mbili. Nilichopaswa kufanya hapo ni kufuta nusu ya safari. Nilichofanya ni kuwaambia, "Tutafidia kwa kasi."

Lakini nisiwadanganye, saa ya kwanza ilikuwa tamu. Unaingia Elsa na mwamba unasimama mbele yako kama mnara wa kanisa, Fischer's Tower, karibu mita 25, umepewa jina la Mjerumani aliyepita hapo 1883. Chini yake kuna pimbi wanaota jua na hawakuogopi hata kidogo. Pande zote kuta nyekundu za miamba, pundamilia wanavuka barabara mbele ya tairi lako kama wanafunzi wakienda breki, ngiri anakimbia na mkia juu. Bro alikuwa anacheka peke yake. Alisema, "Dada, hawa wanatembea tu hivi?" Ile video mliyoipenda, ile iliyotazamwa kuliko yote niliyowahi kuweka, ni ya saa hiyo moja.

Kisha upepo ukaanza. Mchana Naivasha hupiga upepo, na udongo wa pale ni majivu ya volkano, laini kama unga wa chapati. Wale wa rally huuita feshfesh. Gari la mashindano likipita linaacha wingu, lakini huhitaji gari la mashindano, lori moja la kawaida linatosha. Upande wa Olkaria barabara inapanda, kuna mabomba makubwa ya mvuke yanayopinda kando, hewa ina ile harufu ya mayai mabovu, na magari ya kazi yanapita. Kasuku akapata pancha ya mwiba wa mgunga. Wakili akabaki kumsaidia, akamwambia bro, "Songa, mshike dadako hapo mbele."

Dadake hapo mbele alikuwa na kamera kwenye helmeti na alikuwa anaongea nayo.

Baadaye nilitazama ile picha nzima bila kuikata. Ni dakika kumi na nne. Dakika kumi na nne napanda ule mlima, naeleza umeme wa mvuke, nasema vile Kenya ilianza kuzalisha umeme hapo Olkaria 1981, nageuza uso upate mwanga mzuri. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Kisha unasikia honi, na pikapu nyeupe inasimama kando yangu, na dereva mwenye kofia ya kazini anashusha kioo na kusema, taratibu, bila kupiga kelele: "Huyu kijana ni wako? Dawa yake iko wapi?"

Bro alikuwa kiti cha mbele, ameinama, mikono kwenye magoti, midomo haina rangi. Hakuweza kumaliza sentensi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka hivi kwamba zipu ya begi ilikataa, na yule mzee akashuka, akaifungua yeye. Bro alivuta, akangoja, akavuta tena. Dereva akaturudisha chini mpaka zahanati, wakamweka kwenye ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke, na baada ya saa moja hivi alikuwa anaongea, anauliza kama baiskeli ya kukodi imerudishwa maana kitambulisho changu kilikuwa kule. Yule dereva sijui jina lake. Alikataa hata soda.

Nilipompigia mathe simu usiku ule, hakupiga kelele. Mathe huniita "mama" akiwa na furaha, na jina langu la ubatizo akiwa na hasira. Usiku huo hakuniita kitu. Alisema tu, "Uliacha shule kwa sababu huwezi kumaliza kitu. Sasa ulitaka kunimalizia mtoto."

Na mimi wiki iliyofuata nikaweka ile video. Twiga, pimbi, bro akicheka. Laiki zikaja. Mkaniomba mpango, nikawatumia jedwali lile lile, kilomita 17 kwa saa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu zaidi, kuliko hata dakika kumi na nne. Pale mlimani nilikuwa mjinga. Kwenye inboksi zenu nilikuwa najua.

Sasa. Bro amemaliza Form Four. Mtihani wa mwisho ulipoisha nilimuuliza anataka zawadi gani, nikitarajia viatu. Akasema, "Turudi Vasha. Lakini safari hii mimi ndiye niwe mbele."

Nilikataa. Akakasirika vile sijawahi kumwona. Akasema tangu ile siku kila mtu nyumbani anamchukua kama yai, haruhusiwi hata kukimbilia matatu, na kwamba yeye hakushindwa na baiskeli, alishindwa na mpango wangu. Ni kweli, na inauma kwa sababu ni kweli. Kwa hivyo tumekaa chini wiki kadhaa, yeye na mimi, tukapanga upya. Nitawaeleza vile tumefanya. Msiichukue kama PDF nyingine ya kunakili, kwa sababu mpango wa bro si wa mdogo wako.

Kitu cha kwanza tulienda kliniki. Daktari alimsikiliza kifua, akabadilisha jinsi anavyotumia dawa, akamwambia ni lini avute kabla ya kuendesha na ni dalili zipi zikionekana asimame, si apunguze mwendo, asimame. Hayo ni ya bro na daktari wake, sitayaandika hapa ili mtu mwingine asijitibu kwa kunisoma. Lakini hakusema asiende. Nilikuwa karibu nimwombe aseme.

Pili, tulipima. Jumamosi nne mfululizo tulienda msitu wa Karura, ambako pia wanaruhusu baiskeli, kutoka kwetu Zimmerman si mbali. Saa mkononi, bro mbele, mimi nyuma nikiandika. Kwenye lami tambarare anaenda 14. Kwenye udongo 9. Kwenye mlima, na mapumziko yake, 6, siku nyingine 5. Hizo ndizo namba za mpango. Zangu hazimo kabisa. Ukishaweka namba za mtu wa mwisho, ramani inabadilika mbele ya macho yako. Kile kilichoonekana ni matembezi ya asubuhi kinakuwa siku nzima, na kile ulichokiita siku ya kwanza hakiwezekani. Kuzunguka ziwa lote kulijifuta kwenyewe. Hatukubishana hata.

Tatu ni msimu, na hapa ndipo tulipotumia muda mrefu zaidi, kwa sababu hakuna jibu zuri. Januari na Februari ni kavu, anga safi, picha nzuri, na vumbi mpaka kwenye meno. Mwisho wa mvua fupi, mwanzo wa Desemba, vumbi limelala, udongo umeshikana, kifua cha bro kinapumua. Lakini mvua ikiwa bado iko karibu, lile korongo la Ol Njorowa ni mtego. Nyinyi mnalijua kwa picha, zile kuta laini zilizochongwa na maji mkijibana kupita katikati. Jiulizeni zilichongwa na maji gani. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu huko, nyinyi mko kwenye jua mkipiga selfie, na maji yanashuka kwenye ule mfereji hamna pa kupanda. Aprili 2012 vijana wa kanisa walikufa humo. Septemba 2019 watalii wakafa tena humo. Hayo hayakuwa kwenye PDF yangu. Kwenye PDF niliandika "korongo: picha kali, dakika 90".

Kwa hivyo ilikuwa tuchague. Vumbi lilale tukose korongo, au korongo liwe kavu tumlishe bro feshfesh. Tumechagua Desemba, na korongo hatuingii. Tunafika juu yake, tunakunywa maji, tunageuza. Wakili amelalamika kwa sauti ndefu tatu kwenye grupu, ati ni kama kwenda Mombasa ukose kuona bahari. Nimemwambia anakaribishwa Februari, na wanaume wenzake.

Nne, masaa. Tunaenda katikati ya wiki, kabla bei za Krismasi. Siku ya kwanza hakuna kuendesha chochote cha maana, ni kufika, kuweka hema kambini karibu na njia ya kuingia Elsa, na kukagua baiskeli. Siku ya pili tuko langoni saa kumi na mbili na nusu, malipo yameshafanywa usiku kwenye simu, vitambulisho mkononi. Kutoka Elsa hadi korongoni ni kama kilomita 8. Kwa kasi ya bro ni karibu saa nzima, nimeandika saa moja na nusu kwa sababu kuna pimbi. Kurudi ni mwendo zaidi, kwa sababu kwenda kunakudanganya, kuna mteremko mdogo usiouhisi mpaka uanze kuurudia. Saa nne tunageuza, popote tulipo. Hata kama tumebakisha mita mia mbili. Saa sita upepo unapoanza tuwe nje tunakula samaki.

Olkaria hatuendi. Hilo bro mwenyewe alilikata kwa kalamu.

Siku ya tatu bado haijakaa sawa. Mimi nataka tuendeshe kidogo kuelekea Oloiden, ziwa dogo pembeni mwa lile kubwa, tambarare kabisa, lakini barabara ile ya kusini ni nyembamba, na asubuhi na jioni mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua na malori yanaenda kama yanafukuzwa. Labda tukitoka saa tatu, mabasi yakishapita. Labda tupande boti tu tuache baiskeli zipumzike. Kitu kimoja hakibadiliki: jua likianza kuzama hatuko ukingoni mwa ziwa, kwa miguu wala kwa magurudumu. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na kiboko hajui wewe ni mtengeneza kontenti.

Vitu vya kubeba nitavipitia haraka maana kila mtu ana orodha. Tyubu mbili kwa kila baiskeli, kwa sababu miiba ya migunga haibembelezi. Viraka, gundi, pampu, na vile vijiko vya kutolea tairi. Maji lita tatu kwa kila mtu, kivuli ni kidogo mno ndani. Kitambaa cha kufunika pua. Kengele, na si mapambo: baiskeli haina sauti, na hutaki kumfikia nyati ghafla kwenye kona. Ukikodi baiskeli, usitoe kitambulisho kabla hujaiendesha hatua ishirini na kufunga breki zote mbili. Mwenye baiskeli akikununia, mwache anune.

Na inhela. Moja mfukoni mwa bro, mfuko wenye zipu, kifuani. Ya pili kwa mtu wa nyuma yake. Mtu wa nyuma yake ni mimi, na sina kamera kwenye helmeti. Kasuku ndiye atapiga picha akitaka. Hataki.

Kuna mjomba wetu mmoja alisikia haya yote akacheka, akasema baiskeli ni ya kubeba maziwa au ya wazungu, sasa sisi tuko upande gani. Nilimwambia Chris Froome, aliyezaliwa hapa Nairobi na akashinda Tour de France mara nne, alifunzwa kuendesha na David Kinjah, Mkenya, hapo Kikuyu tu. Mjomba akauliza huyo Kinjah ana gari? Sikuwa na jibu la haraka.

Mpango tuliuandika kwenye karatasi, kurasa mbili, kwa mkono, kwa sababu mathe hasomi vitu vya simu. Jumapili baada ya chakula bro alimwekea mbele yake pale mezani, akakaa. Mathe akavaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, vile husoma bili ya hospitali. Alifika kwenye saa nne, akauliza, "Na mkiwa mmebakisha kidogo tu?" Bro akajibu kabla yangu: "Tunageuza." Akauliza mtandao ukikosa ndani ya mbuga itakuwaje, tukamwonyesha tulipoandika namba za kambini, zahanati, na saa ambayo tusipopiga simu aanze kupiga yeye. Akauliza, "Na wewe, utakuwa wapi?" Hakuniangalia alipouliza.

"Nyuma yake."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Akakunja karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia yake, akainuka kuosha vyombo. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana pia. Jana jioni aliniuliza, kwa ile sauti ya kuuliza kitu kisicho na maana, nauli ya Naivasha siku hizi ni ngapi, na baiskeli juu ya karia wanatoza.

Hema tumeazima. Baiskeli ya bro, tuliyomnunulia mtumba mwezi jana, iko kwa fundi hapo stage tangu Jumatatu, na nimepita mara mbili. Gia sasa zinaingia vizuri. Breki ya nyuma bado inalia, na fundi anasema ni sauti tu. Kesho narudi na sitoki pale mpaka inyamaze.